Pampu Inayoficha Uchakavu Wake

Hiace iliingia gereji Mwandiga, mkoani Kigoma, saa kumi jioni, mikungu ya ndizi imefungwa juu ya keria, abiria wamebanana ndani, wametoka Kalinzi. Dereva aliteremka, akaegemea mlango, akanyamaza. Salamu ilikuja baadaye. "Kaka, breki zipo, ila ngumu kama jiwe. Ule mteremko nimeushuka kwa gia tu, mguu umekanyaga mpaka goti linatetemeka."

Alikuwa ameshatumia fedha nyingi. Pedi mpya, masta silinda mpya, na busta la mtumba lililofungwa wiki mbili kabla. Kila fundi alitibu pale alipoona breki. Hakuna aliyekwenda nyuma ya oltaneta. Tulipoifungua ile pampu ndogo inayokaa pale mgongoni, bapa moja lilikuwa limekatika vipande viwili, mengine yamebaki mafupi, na ukuta wa ndani umeota mawimbi kama mchanga wa ufukwe wa Kibirizi maji yakishatulia. Tangu siku ile, gari la dizeli likija na malalamiko ya breki ngumu, naanzia pale.

Pampu yenyewe si ngumu kuielewa. Chukua sufuria ndogo, weka ndani yake gurudumu dogo kuliko sufuria, lisikae katikati bali liegemee upande mmoja hadi karibu liguse ukuta. Gurudumu hilo ndilo rota. Lichonge mifereji, na katika kila mfereji chomeka kipande bapa kinachoweza kuteleza. Rota ikizunguka, mabapa hurushwa nje mpaka yanagota ukuta. Upande wenye nafasi, chumba kilicho kati ya bapa na bapa kinapanuka na kuvuta. Upande uliobana, chumba kinasinyaa na kusukuma. Wazo hili ni la zamani. Mtaliano Agostino Ramelli alichora pampu za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1588, na Mkanada Charles Barnes alipata hataza ya pampu ya mabapa mwaka 1874. Tunazozifungua leo chini ya mwembe ni za ukoo huohuo.

Uzuri wa pampu hii ndio mtego wake. Bapa likilika ncha, haliachi mwanya. Linasogea nje kidogo zaidi na kuziba tena. Pampu nyingi za aina nyingine zikilika, nguvu hupungua polepole na mtu anaona. Hii hujilipia deni lake kimyakimya, mwezi hadi mwezi, dereva anakanyaga breki na kuiona ileile ya jana. Kisha inafika siku bapa limebaki fupi kiasi kwamba sehemu iliyo ndani ya mfereji haitoshi kulishika. Linainama, linakwama, linavunjika, na kila kitu kinaondoka kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana sikubali kauli ya "ikifa tutabadilisha". Pampu nyingine waweza kuisubiri ife. Hii inataka kupimwa ingali hai.

Kwa nini dizeli ihitaji pampu hii? Injini ya petroli ina mlango unaobana hewa kwenye njia ya kuingilia, na inapovuta dhidi ya mlango huo hupatikana mvuto wa bure, ule tunaouita gereji vakyumu, ambao unalisaidia busta kusukuma breki. Dizeli za kizamani hazina mlango huo. Hewa inaingia wazi, kinachopunguzwa na kuongezwa ni mafuta. Lazima basi mvuto utengenezwe. Kwenye injini za Toyota 2L, 3L na 5L, ambazo zimezaliwa upya mara ngapi sijui kwenye Hiace na Hilux za huku kwetu, pampu imefungwa nyuma ya oltaneta, kwenye mhimili mmoja nayo. Mkanda ukizungusha oltaneta, umezungusha na pampu. Injini nyingine huiendesha kwa gia, lakini ndani ni yaleyale.

Hapo kuna hatari ambayo inanikosesha raha kila nikiisikia. Oltaneta ikilia beringi, au mkanda ukikatika njiani, dereva wa dizeli hujiambia kwamba injini yake haihitaji umeme ili iendelee kuwaka, kwa hiyo anaondoa mkanda na kuendelea na safari. Kweli, injini itawaka. Lakini amezima pampu ya breki kwa mkono wake mwenyewe. Busta lina akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo mguu unabaki peke yake dhidi ya tani mbili na nusu za gari na mzigo. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ni kilomita 60 za kupanda na kushuka hadi mpakani mwa Burundi. Mkanda wa oltaneta ukikatika katika barabara hiyo, gari lisimame. Abiria wahamishwe, mzigo usubiri. Hata mkanda uliolegea tu unaoteleza wakati wa mvua ni tatizo la breki kabla haujawa tatizo la betri.

Sasa tupime. Anza na mguu, kwa sababu mguu haugharimu kitu na unatenganisha mgonjwa na mgonjwa.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Hapo umemaliza akiba ya mvuto. Bakiza mguu juu ya pedali, washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako, kama mtu aliyeshusha pumzi. Isipozama, au ikichukua muda mrefu, mvuto haufiki. Kisha acha injini iunguruke dakika moja au mbili, zima, ukanyage tena taratibu mara kadhaa. Mara ya kwanza pedali iende chini vizuri, ya pili iwe juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Ikiwa ngumu tangu ya kwanza, ama mvuto haukujengwa ama umevuja pindi ulipozima. La mwisho: injini ikiwaka, kanyaga na ushikilie, zima injini huku mguu upo, hesabu hadi thelathini. Pedali isisogee. Ikikusukuma mguu juu, busta au vali yake inavuja, na pampu yawezekana haina kosa.

Jaribio hili la mwisho ndilo lingemwokolea yule dereva wa Kalinzi bei ya busta. Busta lake la zamani, ambalo bahati nzuri alikuwa hajaliuza, lilishika sekunde thelathini bila kutikisika.

Kabla ya kwenda mbali, chomoa mpira wa mvuto na uutazame wote. Uukunje, uubonye, tafuta nyufa karibu na vibanio. Ile vali ndogo iliyo kwenye mpira ipulize kwa mdomo: hewa ipite kutoka upande wa busta kwenda upande wa pampu, isirudi. Vali iliyokufa hufanya pampu nzima ionekane mbovu.

Baada ya mguu, geji. Mafundi wengi watasema hawana geji ya vakyumu. Mwendee fundi friji. Ile geji yake ya bluu inasoma mvuto hadi inchi 30, na kipande cha mpira mzito na kibanio vinatosha kuiunganisha moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu. Tena mweleze unachofanya, atakuelewa haraka: pampu anayotumia kunyonya hewa kwenye friji kabla ya kujaza gesi ni ya mabapa vilevile, na inachakaa vilevile.

Unganisha geji kwenye pampu yenyewe, bila busta wala mpira wa gari. Injini iwe imepata moto, iwe inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Tazama vitu viwili: sindano inafika wapi, na inafika kwa haraka gani.

Hapa ndipo mtu wa Kigoma anapaswa kuwa mwangalifu na namba za vitabuni. Geji ya mvuto inasoma tofauti kati ya hewa ya nje na hewa iliyobaki ndani. Kule Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa milimita 760 za zebaki. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya bahari, na ufukweni pale Ujiji hewa inasukuma kwa karibu 693 tu. Kwa hiyo pampu inayosoma 690 ikiwa Dar es Salaam, ikiletwa kwetu na afya yake ileile, itasoma karibu 630. Ukiipandisha milimani hadi mita 1,500, hewa ya nje ni karibu 634 na pampu hiyohiyo itasoma kama 575. Haijachakaa hata kidogo, imepanda mlima. Nimeona pampu nzima ikihukumiwa kwa sababu hiyo, na nimeona kinyume chake, fundi aliyezoea namba ndogo za milimani akiipitisha pampu iliyochoka. Kipimo cha haki ni kugawa: namba ya geji kwa hewa ya mahali ulipo.

Mimi nikiwa Mwandiga naridhika na milimita 560 kwenda juu, yaani inchi 22, na sindano ifike huko ndani ya sekunde kumi hivi. Ikikaa kati ya 450 na 560 naanza kutafuta sababu. Chini ya hapo siliruhusu gari litoke na abiria. Kama una kitabu cha injini yako, namba yake ndiyo mkubwa wa yangu, ila ipunguze kwa ajili ya mwinuko kama nilivyoeleza.

Namba ikikataa, bado usifungue pampu. Hakikisha oili ya injini ipo kwenye kiwango, na kwamba inafika pampuni. Nyuma ya oltaneta kuna bomba jembamba linaloleta oili kutoka kwenye injini na mpira mnene unaoirudisha chini. Oili hiyo haipo kwa kulainisha tu. Utando wake ndio unaoziba nafasi kati ya bapa na ukuta. Bila huo, hata pampu mpya haivuti. Bomba jembamba likizibwa na tope la oili iliyopitiliza muda, pampu inasaga kavu. Mpira wa kurudishia ukizibwa au ukikunjwa, oili inajaa ndani, na kwa kuwa oili haibonyei kama hewa, mabapa yanapigwa mpaka yanakatika. Sauti yake utaijua: mgongo wa oltaneta unagonga.

Sasa tufungue. Chomoa waya hasi wa betri kwanza, maana waya mnene wa oltaneta una umeme muda wote. Toa oltaneta nzima, isafishe kwa dizeli na brashi kabla ya kulegeza boliti hata moja ya pampu, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia itafanya kazi ya miezi sita kwa siku moja. Weka alama ya msumari kwenye kifuniko na mwili wa pampu ili virudi vilivyokaa. Tandika kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Ukivuta kifuniko, mabapa yatataka kuanguka. Yashike, na kila moja liwekee alama ya kalamu: la ngapi, na upande gani ulitazama mbele. Yamelika pamoja na mifereji yake, na ukiyachanganya umepoteza nusu ya ushahidi.

Usifute bado. Tazama kwanza uchafu. Tope jeusi linalonata ni oili iliyokaa kupita muda wake. Rangi ya maziwa ni maji. Vumbi linalometameta lipitishie sumaku: likishika ni chuma, tafuta rota na beringi, lisiposhika huenda ni aluminiamu ya kifuniko. Ukishasoma hayo, osha kwa dizeli safi.

Anza na mabapa. Utaona ncha moja ni ya mviringo na nyingine imekatwa wima. Ile ya mviringo ndiyo inayogusa ukuta. Ukikuta bapa limegeuzwa, umekuta fundi aliyekutangulia. Pima urefu wa kila bapa kwa venia katika sehemu tatu, pembeni mbili na katikati. Yasipolingana, au moja likiwa limekaa mshazari, rota ilikuwa inayumba na sababu iko kwenye beringi za oltaneta. Kisha urefu huo linganisha na namba ya kitabu, au na bapa jipya la pampu ileile kama duka lina seti. Venia ya kawaida inasoma 0.05 mm, kwa hiyo usiiamini kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Omba maikromita kwa fundi wa injini.

Baada ya kupima, tumia ukucha. Upitishe kwenye uso wa bapa kutoka chini kwenda juu. Ukikwama kwenye ngazi ndogo, hapo ndipo bapa lilipokuwa likitokeza kutoka kwenye mfereji na kuegemea ukingo wake. Ngazi hiyo ni mbaya kuliko ufupi, kwa sababu siku moja itagota ukingoni na bapa halitarudi ndani. Ligeuzie jua, tafuta nyufa na pembe zilizomeguka.

Rudisha bapa kwenye mfereji wake likiwa na oili kidogo. Lishuke kwa uzito wake, polepole, bila kukwama. Kisha jaribu kulitikisa kulia na kushoto likiwa nusu nje. Likicheza, mdomo wa mfereji umepanuka, na hapo bapa jipya halitakusaidia, kwa maana ugonjwa uko kwenye rota.

Ukuta wa ndani ndio ninaoupa muda mrefu zaidi. Utoe nje juani, uuzungushe taratibu, uache mwanga upite. Ukuta mzima una mng'ao mmoja uliotulia. Ule wenye mawimbi unaonyesha mistari ya kusimama, midogo, iliyokaribiana, hasa baada ya tundu la kutolea. Mawimbi yale hayatokani na msuguano wa kawaida. Bapa liliruka, likarudi kugonga, likaruka tena, kila mzunguko mahali palepale, kwa sababu oili ilikosekana au bapa lilikuwa linakwama. Ukishayaona, hukumu imepita. Bapa jipya juu ya ukuta wa namna hiyo litakwanguliwa kama muhogo kwenye kikwangulio. Wala msasa sio dawa: unaondoa wimbi na kuacha ukuta mpana, usio mviringo, na pengo ambalo hakuna bapa litakalolifikia sawasawa.

Bado kuna nyuso za pembeni, pale rota inapopakana na kifuniko. Mafundi wengi hawazitazami kabisa, na mimi mwenyewe nilichukua miaka kuzipa heshima yake. Kumbuka nilisema bapa linajisogeza kufidia kulika kwa ncha. Pembeni hakuna wa kufidia. Kifuniko kikilika kimelika. Na uvujaji wa mahali pembamba namna ile haukui sambamba na pengo. Pengo likiongezeka mara 2, kinachovuja kinakaribia mara 8. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya mdomo wa pampu, ingiza filagegi kati ya rula na rota, kisha pima na kifuniko kama kimebonyea. Mikwaruzo ya mviringo inayoshika ukucha inatosha kukupa jibu.

Malizia na meno ya mhimili yanayoshika rota na oili sili inayotenganisha pampu na oltaneta. Sili ikichoka, oili inaingia kwenye oltaneta, kaboni zinalowa, taa ya chaji inawaka. Dereva ananunua oltaneta, na baada ya miezi michache nayo imelowa. Oltaneta ikinyonya oili, mtafute mwizi kwenye pampu.

Uamuzi baada ya hapo ni mwepesi. Ukuta laini, mifereji haichezi, pembeni hakuna mikwaruzo: badilisha mabapa yote kwa pamoja, oringi na sili. Kimojawapo kikikataa, badilisha pampu nzima. Nimewahi kutoa bapa lililochongwa kwa mkono kutoka kwenye kipande cha plastiki ngumu. Lilikuwa limevimba kwa joto na kukwama katikati ya mfereji, na aliyelichonga alidhani anamsaidia mwenzake asiye na fedha. Ninaelewa huruma ile. Lakini joto la oili ya injini halina huruma.

Wengi wetu tutanunua ya mtumba, na si vibaya ukijua kuchagua. Dukani, dondosha matone ya oili safi kwenye tundu la oili, ziba mdomo wa mvuto kwa kidole gumba, zungusha puli kwa mkono kuelekea upande inaozungukia kwenye gari. Unapaswa kuhisi ngozi ya kidole ikivutwa, na kusikia mabapa yakitoka kwa mfululizo ulio sawa. Sauti ikiruka mara moja kila mzunguko, kuna bapa lililokwama. Chungulia ndani ya tundu la mvuto kwa tochi ya simu. Nusa. Harufu ya oili iliyoungua haiondoki kwa kuoshwa na petroli. Muuzaji akikukataza kuzungusha, asante, nenda duka la pili.

Niguse kidogo pampu mbili nyingine, kwa sababu Hiace moja ya dizeli inabeba tatu za namna hii. Ya usukani, ile ya pawa stelingi, ina mabapa madogo, mara nyingi 10, ndani ya pete yenye umbo la yai. Ikianza kulia unapokata kona hadi mwisho, angalia kwanza kiwango cha haidroliki na mapovu. Hewa ikiingia inalia kama iliyochakaa. Usishikilie usukani mwisho zaidi ya sekunde kumi, pampu inajichemsha yenyewe. Ukiifungua, njia ni ileile, ila vipimo ni vikali zaidi: nafasi kati ya bapa na mfereji, vitabu vingi vya Toyota vinaweka mwisho wake kuzunguka 0.03 mm, wembamba kuliko unywele. Pete na rota zina namba ndogo iliyogongwa, na bapa huchaguliwa kwa urefu kufuata namba hiyo. Usichukue mabapa ya pampu nyingine kwa sababu tu yanaingia.

Ya tatu imejificha ndani ya injekta pampu, mabapa manne yanayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Hiyo usiifungue chini ya mwembe. Inahitaji meza ya kupimia. Unachoweza kufanya ni kuilinda. Dizeli ndiyo oili yake pekee, kwa hiyo maji na mafuta ya taa yanaila moja kwa moja. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabana wachanganyaji, na hilo limesaidia, lakini pipa lililolala wazi usiku kucha karibu na ziwa hutoa jasho ndani hata mafuta yake yakiwa halali. Legeza tundu la chini la filta kila wiki, kinga kwa chupa ya kioo, uone kilichotangulia kutoka.

Na ile ya breki? Inalindwa na oili ya injini, ibadilishwe kwa wakati wake, na filta ya hewa isafishwe mara nyingi zaidi kwa gari linalokula vumbi jekundu la barabara za vijijini. Ukiifunga tena, mimina oili safi kama vijiko viwili vya chai ndani ya tundu lake, uzungushe puli kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kuwasha injini, isianze maisha mapya kavu. Waya hasi wa betri uwe wa mwisho. Kisha geji irudi tena mahali pake.

Hiace ya Kalinzi ilisoma 610. Tuliiandika namba hiyo kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa boneti, pamoja na tarehe na kilomita, na chini yake tukaacha nafasi. Dereva alilishusha gari tupu hadi Kibirizi na kurudi. Baada ya mwezi alikuja, tukapima, tukaandika 605. Kila badiliko la oili anapita, dakika kumi tu, na sasa safu ile ya namba ina mistari saba. Ya mwisho ni 570, kwa hiyo seti ya mabapa tumeshaiagiza.